Yule Mama Aliyekaa na Maiti

Walimwekea maua. Maua meupe, makubwa, juu ya meza ya mapokezi, na katikati yake picha ya yule mama, ameinua kidevu kama mtu anayengoja mpiga picha amalize upuuzi wake aende zake. Chini ya picha waliandika kwamba alikuwa rafiki mpendwa wa nyumba yetu. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama na mkoba begani, kabla hata sijaanza shifti ya asubuhi, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amekufa. Alikuwa ameshazikwa siku kumi na moja nyuma.

Watu wake hawawawekei wafu maua. Aliwahi kumweleza meneja wetu jambo hilo uso kwa uso, mbele yangu, kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo kwa mara ya tatu. Na meneja huyo aliyeagiza maua ndiye aliyempiga marufuku kukanyaga kwetu.

Niseme ukweli mapema, mtu asije akanipa sifa nisiyostahili. Sikumjua sana. Mazungumzo yetu yote ya miaka sita ukiyaweka pamoja hayajazi shifti moja. Sikuwahi kufika nyumbani kwake. Sijui alipenda chakula gani, wala mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Lakini nililia chooni siku ile kama niliyefiwa na shangazi, na nilipomaliza kulia nikakuta hasira imebaki palepale, haijapungua hata kidogo.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru. Naishi Missouri City, na wakati huo nilikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee upande wa kusini-magharibi wa Houston. Kazi yangu ni kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani ili asipate vidonda, na kuandika. Karibu nusu ya wazee wa ghorofa yetu walikuwa Wayahudi, kwa sababu mitaa ya jirani ni yao tangu zamani, na mafuriko yalipowatoa wengine majumbani hawakutaka kwenda mbali. Yule mama wa kwenye picha ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi la wanawake wa sinagogi lao wanaoosha maiti za wanawake wenzao kabla ya kuzikwa. Isitoshe, kwa desturi yao maiti haiachwi peke yake tangu mtu anapokata roho hadi anapozikwa. Lazima mtu akae naye. Basi alikuwa anakuja kukaa. Mara nyingi alifika hata kabla, akisikia kwamba fulani amebakiza siku mbili tatu.

Sisi wafanyakazi tulimwita Mama wa Maiti, nyuma yake bila shaka. Jina hilo alilianzisha mwenzangu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ambaye tuligawana naye korido moja kwa miaka yote hiyo. Alikuwa akimwona anashuka kwenye gari lake la kijivu, ananinong'oneza, "Dada, leo kuko mutu atakwenda. Ule mama amefika." Mwanzoni tulimwogopa, tukaona kama analeta kifo mfukoni. Baadaye tuliona kwamba kifo kingefika tu, na yeye alikuwa akikimbizana nacho ili kisimkute mtu peke yake.

Akiingia chumbani, kitu cha kwanza alizima televisheni. Hakuuliza. Kisha alimwambia mgonjwa jina lake yeye mwenyewe, siku ya leo, na hali ya hewa nje, hata kama mgonjwa hajafungua macho kwa wiki nzima. Na mtu akishakufa aliendelea kuzungumza naye. "Sasa nakusogeza mkono." "Sasa nafunika uso." Alinieleza siku moja kwamba wakimaliza kuosha maiti humwomba msamaha, iwapo kuna mahali walimshika vibaya.

Nikamuuliza, "Na kama hasikii?"

"Wewe huwaomba msamaha wanaosikia tu?"

Siku nyingine mimi na Mama Furaha tulikuwa tunabadilisha shuka la bibi mmoja aliyekuwa katika saa zake za mwisho, na tukawa tunapiga hadithi ya harusi ya Arlington ambako Mama Furaha alikuwa ametoka, safari ya saa nne kwa gari, na jinsi bwana harusi alivyochelewa. Tunacheka kidogo, huku mmoja akimpitishia mwenzake foronya juu ya kifua cha mgonjwa. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Huyu bado hajawa meza." Basi. Sijawahi tena kupitisha kitu juu ya mtu, hata awe mzima na anatazama mpira.

Ukidhani alikuwa malaika, hukumjua hata kwa kiasi changu kidogo. Upole wote aliokuwa nao aliumalizia kwa wafu, na walio hai wakabaki na makombo. Hakuwahi kunisalimu kwa "habari ya asubuhi." Alikata simu watu wakiwa katikati ya sentensi. Aliendesha gari kama anayewahi kuzima moto, na aliwatukana madereva wa Houston kwa maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtu wa dini. Alikuwa mkali wa ukweli hadi akakataza lugha ya kuficha. Ukimwambia fulani "ametuacha," alijibu, "Amekwenda wapi? Sema amekufa." Lakini mtu huyohuyo alimdanganya mlinzi wa mapokezi bila kupepesa jicho. Nilimsikia katika mwezi mmoja akijiandikisha kuwa dada wa mgonjwa mmoja, binamu wa mwingine, na mkwe wa mwingine tena.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na alipenda kulisema hilo kuliko mengine yote. Kuna dada wa kanisani kwetu aliyesikia habari zake akasisimka mno. Akaniambia, "Hao ni taifa teule, dada. Mwambie tunamwombea, na kwamba ni heshima kubwa kwetu." Nilifikisha salamu. Akasema, "Mwambie asante. Mwambie mimi nilifundisha aljebra darasa la nane." Nilicheka. Yeye hakucheka. Nadhani alichoka kuwa mfano wa kitu fulani katika vichwa vya watu.

Sasa nifike kwenye stoo.

Bibi wa chumba cha mwisho cha korido yetu alikufa Jumanne moja, saa tatu asubuhi. Mwanawe aliishi jimbo jingine. Gari la watu wa mazishi lilikuwa na safari nyingine, likasema litafika saa tisa alasiri. Mama wa Maiti alikuwapo tangu alfajiri, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda na kijitabu chake cha zaburi. Saa tano meneja akaja. Mkazi mpya anatoka hospitali saa saba, chumba kinahitajika, wasafishaji wanangoja.

"Mwili unaweza kusubiri stoo," meneja alisema. "Ile ya kando ya chumba cha kufulia. Kule kuna baridi."

Mama akauliza, "Stoo ya nini?"

"Ni kwa saa chache tu. Tunamheshimu sana."

"Mnamheshimu, halafu mnamweka pamoja na nepi?"

Meneja hakupandisha sauti. Alikuwa na ile sauti laini inayofundishwa kwenye semina, na nadhani nisingemchukia hivyo kama angepiga kelele. Alinigeukia mimi. "Tafadhali, sukuma."

Nikasukuma.

Haya nimewaambia watu wachache. Nilikuwa na miaka minne katika nyumba ile, nilijua kila kitu kuhusu bibi yule, nilijua kwamba anapenda kukunjiwa soksi mara mbili, na nilimsukuma kwenye korido mchana kweupe nikipita mbele ya wenzake waliokuwa wanasubiri chakula. Mama alitembea kando, mkono juu ya ubao wa kitanda, hakuuondoa hata tulipokata kona. Stoo ilijaa maboksi ya nepi, madumu ya sabuni, na viti vya magurudumu vilivyovunjika. Alipindua kreti akakaa. Alinitazama, nami nikajiandaa kutukanwa. Alisema tu, "Nenda ukazime ile redio ya kule wanakofulia." Nikaenda nikaizima. Hilo ndilo pekee nililomfanyia bibi yule siku hiyo.

Alikaa pale kwa saa nne. Mashine za kufulia zilitikisa ukuta. Mama Furaha alimpelekea maji, na kwa kuwa kwa Wayahudi mtu hanywi wala hali mbele ya maiti, Mama Furaha aliingia akasimama ndani badala yake, naye akatoka mlangoni, akanywa kikombe chote kwa mkupuo, akarudi kwenye kreti. Jioni Mama Furaha aliniambia tukiwa tunavaa makoti, "Ule mama haogope mutu. Siye tunaogopa kila mutu." Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia meneja, na nikamkasirikia zaidi mwanamke aliyesukuma kitanda.

Mama aliandika barua kwa wenye kampuni, kurasa mbili, hoja zimepewa namba. Jibu lilikuja kwa njia ya tangazo mlangoni: wageni wasio ndugu wa mkazi watakuja kwa miadi tu, saa fulani tu, kwa usalama wa wakazi. Hawakumtaja, lakini mlinzi alipewa picha yake. Akipiga simu kuomba miadi, miadi ilikuwa imejaa. Kifo hakichukui miadi, na wao walilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyojisikia mbele ya yale maua.

Meneja alinifuata siku hiyohiyo akaniambia kutakuwa na kumbukumbu ndogo Ijumaa mchana, pale pale ukumbini, na kwamba mimi ningefaa kusema maneno machache. "Nyinyi mlikuwa karibu naye," alisema. Nilimwambia sikuwa karibu naye. "Maneno mawili tu," akasema. "Kitu cha kutia moyo."

Mama Furaha aliposikia alipiga makofi mara moja kwa hasira. "Sasa banamuweka maua? Wakati alikuwa muzima balimufukuza! Usiseme kitu, dada. Watakufukuza na weye."

Ijumaa ikafika. Kulikuwa na juisi na biskuti. Wazee waliletwa kwa viti vyao wakapangwa nusu duara. Binti wa marehemu alikuja, mwanamke wa makamo mwenye kidevu kilekile, akakaa mstari wa mbele akiwa bado na koti. Meneja alizungumza vizuri. Alisema marehemu alikuwa sehemu ya familia, kwamba milango ya nyumba hii ilikuwa wazi kwake siku zote. Aliposema siku zote nilihisi masikio yanawaka. Kisha akaniita.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kutia moyo, naapa. Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya risiti. Lakini nilisimama nikasema kwamba sikumjua vizuri mama huyu, na kwamba mara ya mwisho kuingia ndani ya jengo hili alikaa saa nne juu ya kreti katika stoo ya nepi, kwa sababu tuliitoa maiti ya bibi mmoja chumbani kabla ya wakati, na kwamba mimi ndiye niliyesukuma kitanda. Nikasema baada ya hapo alikatazwa kuja. Nikasema milango haikuwa wazi. Kiingereza changu kilianza kunikimbia, lakini nilimaliza.

Hakuna aliyepiga makofi, wala haikuwa hadithi ya kupigiwa makofi. Mzee mmoja nyuma aliuliza kwa sauti, "Bibi gani?" na jirani yake akamtajia jina, na nikaona uso wake ukibadilika.

Binti alisimama. "Stoo gani?"

Meneja akasema, "Labda tuzungumze ofisini."

"Nimemuuliza huyu dada," binti alisema. "Nionyeshe."

Nikampeleka. Meneja alitufuata na viatu vyake vinavyolia. Nilifungua mlango, taa ikajiwasha yenyewe. Binti aliingia akasimama katikati ya madumu, akaangalia kuta, akagusa boksi moja, akatoka. Alirudi ukumbini, akaitoa picha ya mama yake kwenye yale maua, akaifuta maji kwa mkono wa koti, akaondoka nayo.

Wiki iliyofuata jina langu halikuwapo kwenye ratiba. Walisema wamepunguza saa. Niliajiriwa kwingine kabla ya mwezi kuisha, maana wauguzi hawakosi kazi katika mji huu, lakini sasa naendesha gari dakika arobaini kila asubuhi, na kila nikikwama kwenye foleni nayakumbuka maneno ya meneja na kupiga usukani. Watu huniambia nisamehe. Siwazuii kuniambia.

Kabla sijaanza kazi mpya nilikwenda kwenye sinagogi lao kuuliza kaburi liko wapi. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye bastola kiunoni. Aliniomba nifungue mkoba, akatazama ndani: gauni la kazi, Biblia ndogo, chapati mbili ndani ya kontena. Aliomba radhi, akasema siku hizi hawana namna, wametishwa mara nyingi. Nilisimama pale nikiwaza kwamba sisi kanisani kwetu mlango tunauegemezea jiwe ubaki wazi kwa ajili ya upepo, na hawa, ili wafungue kitabu cha zaburi, lazima kwanza wakague mikoba ya wanawake. Hasira ile nilishindwa hata kujua niielekeze kwa nani. Nilipotaja niliyemfuata, mlinzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Yule? Sote tulimwogopa." Akaniambia kwamba siku aliyokufa watu walijiandikisha zamu za kukaa naye, wakawa wengi kuliko saa zilizokuwapo, wengine wakakaa wawili wawili.

Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikakasirika, kwa sababu na mimi ningechukua zamu. Hakuna aliyefikiria kuniambia. Kwa nini wangefikiria? Mimi ni mtu aliyevaa gauni la kazi kwenye korido.

Mara ya mwisho nilimwona Agosti, miezi kadhaa kabla ya kifo chake, wakati marufuku inaendelea. Nilitoka kazini saa tisa alasiri, joto lile la Houston linalokukaba pumzi ukifungua mlango, nikaona gari la kijivu ng'ambo ya barabara, kwenye maegesho ya daktari wa meno. Amekaa ndani, injini inanguruma, anatazama jengo letu. Nikavuka barabara. Akashusha kioo.

"Wamekutuma unifukuze na huku?"

"Hapana. Nimemaliza kazi."

"Yule wa ghorofani yukoje?"

"Anapumua kwa kusimama simama. Nadhani ni leo."

"Najua ni leo. Ningejua sio leo ningekuwa nyumbani." Aliangalia simu yake. "Msichana aliyetakiwa kuja, ambaye hawamjui sura, amekwama barabara kuu. Lori limepinduka." Kisha akauliza kama anayeendeleza jambo lilelile, "Mama yako yu hai?"

"Alikufa. Miaka mitatu sasa."

"Nani alimwosha?"

Nikasema sijui. Nilimweleza kwamba nilikuwa nangoja makaratasi yangu, na ningetoka nchini nisingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo mazishi niliyatazama kwenye simu, na picha iliganda wakati jeneza linashushwa, na ilipoachia watu walikuwa wanajaza udongo. Sikuwahi kumweleza mtu hadi hapo pa picha kuganda. Nilingoja aniambie pole.

"Hilo ni jambo baya sana," alisema. "Umemkasirikia nani?"

"Hakuna."

"Uongo." Alipandisha kioo nusu, akakishusha tena. "Rudi ndani ukakae naye. Sheria zetu zingependa awe mtu wetu. Lakini mtu wetu amekaa kwenye gari, na wewe unaruhusiwa kuingia."

Nilikasirika. Miguu ilikuwa inaniwaka tangu asubuhi, na yeye hajasema hata tafadhali. Nilitaka kumwambia kwamba mimi si mwanafunzi wake. Badala yake nilivuka barabara, nikapita mapokezi nikisema nimesahau chaja, nikapanda juu, nikakaa kwenye kiti kando ya yule bibi. Nilimwambia jina langu, siku ya leo, na kwamba nje kuna joto. Alikufa saa kumi na moja na kitu. Nilimwita sista wa zamu akathibitisha, kisha nikaendelea kukaa. Sikuzijua zaburi zao kwa lugha yao, nikasoma za kwangu kwa Kiswahili, polepole, nikirudia nilipokosea.

Gari la mazishi lilifika jua bado liko juu. Walipomtoa kwa mlango wa nyuma nilitembea nao, na nikakuta gari la kijivu limeshahamia pale, ndani kabisa ya eneo alilokatazwa. Alisimama kando ya machela hadi mlango ukafungwa. Kisha akanijia.

"Ulimwacha hata mara moja?"

"Nilikwenda msalani. Dakika mbili."

"Nani alikuwa naye?"

"Mama Furaha. Leo ana zamu ya jioni."

Alifikiri kidogo, kama anayesahihisha hesabu. "Vizuri," akasema, akaingia garini, akalifuata gari la mazishi bila kuniaga.

Nilibaki pale kwenye lami ya moto, nimechoka, nimeudhika. Nikatoa simu nikampigia dada yangu Nakuru. Kule watu walikuwa wamelala, nikaiacha iite hadi akapokea kwa hofu akidhani kuna msiba. Nikamuuliza nani alimwosha mama, na kwa nini kwa miaka mitatu hakuna hata mmoja wao aliyeona ni jambo la kuniambia.